Tangi la bia linapokataa kupoa: Kipozeo kinachopungua kinakwenda wapi?

MWEZI Januari 2020, maofisa wa afya katika Jimbo la Minas Gerais nchini Brazil walikabiliwa na ugonjwa usioeleweka. Watu waliokuwa na afya njema walifikishwa hospitalini wakiwa na kichefuchefu na maumivu ya tumbo, kisha figo zao zikashindwa kufanya kazi. Baadhi walipooza uso, wengine uwezo wao wa kuona ukapungua.

Kilichowaunganisha ni bia ya kiwanda kimoja cha mjini Belo Horizonte. Katika bia hiyo zilikutwa ethilini glikoli na diethilini glikoli, kemikali zenye sumu. Watu 10 walifariki dunia. Polisi walipohitimisha uchunguzi wao Juni mwaka huo, walieleza kuwa kipozeo kilipenya ndani ya bia kupitia tundu kwenye tangi.

Kemikali ya namna hiyo hufanya nini katika kiwanda cha kinywaji? Chachu inapokula sukari hutoa kileo, gesi na joto. Bia za aina ya lager huhitaji kuchachuka katika nyuzijoto 10 hivi, na mwishoni hushushwa hadi karibu na sifuri ili chachu itulie chini. Tangi likiachwa lijipandie joto, bia hupata ladha mbaya na huweza kuharibika yote.

Kwa sababu hiyo tangi huwa na ukuta wa pili kwa nje, mfano wa koti, na kati ya kuta hizo hupita mchanganyiko wa maji na glikoli uliopozwa mtamboni. Maji matupu yangeganda. Mchanganyiko wenye theluthi moja ya propilini glikoli haugandi hata katika nyuzi 10 chini ya sifuri. Glikoli hii ndiyo inayofaa viwanda vya vyakula, kwani sumu yake ni ndogo mno. Ethilini glikoli ni ile ambayo madereva huitia kwenye rejeta za magari.

Tangi linapokataa kupoa, mafundi wengi hukimbilia kompresa. Swali la kwanza lingepaswa kuwa jepesi zaidi: ni tangi moja au ni yote?

Likiwa moja, mtambo mkuu mara nyingi hauna kosa. Huenda vali ya umeme imekwama, kipimajoto kinadanganya, au hewa imenaswa juu ya koti na kuzuia kipozeo kupita. Kushika kwa mkono bomba la kuingilia na la kutokea kunaweza kueleza mengi. La kuingilia likiwa na joto la chumba wakati vali imeamriwa kufunguka, hakuna kinachopita.

Yakiwa yote, hapo ndipo huangaliwa pampu, chujio, gesi ya mtambo na vumbi kwenye mapezi ya kutolea joto. Aidha, hupimwa nguvu ya mchanganyiko wenyewe. Ukiwa na maji mengi mno, barafu hujenga ndani ya mtambo na kuziba njia. Fundi asiyejua hushusha nyuzi zaidi na kuzidisha barafu. Ukiwa na glikoli nyingi mno, huwa mzito na hubeba joto kidogo. Dawa ya kosa la kwanza ikitumiwa kwa la pili huharibu zaidi, hivyo kukisia hakufai.

Lakini dalili inayodharauliwa kuliko zote ni kipozeo kupungua katika pipa lake. Mfumo huu ni wa kuzunguka, haunywi glikoli. Dereva anayeongeza maji ya rejeta kila asubuhi anajua kuna mahali panavuja. Ajabu ni kwamba kiwandani jambo hilo hilo huweza kugeuzwa kazi ya kawaida ya zamu.

Likikosekana tone sakafuni, viungo vya mabomba vikiwa vikavu, basi panapobaki kushukiwa ni ukuta wa ndani wa tangi, hasa mistari ya kulehemu. Wapo wanaodhani bia ndiyo ingevuja kuingia kwenye koti. Sivyo daima: msukumo wa pampu ukizidi ule wa ndani ya tangi, kipozeo ndicho huingia kwenye bia.

Ulimi hausaidii. Glikoli hizi hazina rangi na zina utamu, wala kuchemsha hakuziondoi. Tangi linaloshukiwa hutengwa, likamwagwa, na koti lake likajaribiwa kwa shinikizo, huku bia yake ikizuiwa hadi maabara itoe majibu. Kule Belo Horizonte, majibu yalipotoka chupa zilikuwa zimeshafika madukani na mezani.