Tumefungwa au Wamefungwa? Uchunguzi wa Lugha ya Mashabiki wa Kandanda Baada ya Kushindwa Ugenini

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mashabiki wa kandanda wasemao Kiswahili wanavyoitumia lugha pindi timu yao inaposhindwa katika mechi ya Ulaya iliyochezwa ugenini. Huenda baadhi ya wasomaji wakaiona mada hii kuwa nyepesi mno kwa jarida la lugha. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sarufi hujaribiwa vizuri zaidi pale msemaji anapokuwa na hisia kali na hana nafasi ya kupanga maneno yake. Shabiki aliyekesha akiitazama timu yake ikifungwa yumo katika hali hiyo hasa.

Mfano wetu mkuu ni mechi ya Arsenal ya London dhidi ya Bayern Munich, iliyochezwa mjini Munich, Ujerumani, tarehe 15 Februari 2017. Mechi hiyo ilianza saa tano kasorobo usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Arjen Robben aliifungia Bayern mapema, naye Alexis Sánchez akasawazisha kabla ya mapumziko baada ya mkwaju wake wa penalti kuokolewa na mpira kumrudia. Mapema katika kipindi cha pili, Laurent Koscielny, nahodha na mlinzi wa kati wa Arsenal, aliumia akatoka. Katika muda wa dakika chache zilizofuata Bayern walifunga mabao matatu, na karibu na mwisho wakaongeza la tano. Matokeo yakawa 5-1.

Tutaitazama lugha iliyozoeleka baada ya matokeo ya namna hii kwa upande wa viambishi vya nafsi, vitenzi vya kushindwa, viambishi vya masharti, dhana ya ugenini, na hatimaye desturi za matanga na utani.

2. Nafsi: tu-, wa- na i-

Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Kimarekani Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu na timu zao. Waligundua kwamba wanafunzi walielekea kujihesabu pamoja na timu iliposhinda, na kuitaja kama watu wengine iliposhindwa. Katika Kiingereza tofauti hiyo hubebwa na kiwakilishi kinachosimama peke yake. Katika Kiswahili jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu nafsi imo ndani ya kitenzi chenyewe. Msemaji hawezi kutamka sentensi kamili pasipo kuamua yeye ni nani. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Tumefungwa tano.
(2) Wamefungwa tano.
(3) Arsenal imefungwa tano.

Sentensi (1) inamtia msemaji ndani ya kushindwa. Sentensi (2) inamtoa, na kuwaachia wachezaji aibu yao. Sentensi (3) ni tofauti na zote mbili, kwani inaitaja klabu kama chombo, katika ngeli ya I-ZI, wala haisemi lolote juu ya watu. Si ajabu basi kwamba shabiki yule yule husema "Arsenal wamecheza vibaya" anapolaumu, lakini akasema "Arsenal haifi" anapojipa moyo. Wachezaji na makocha hupita, klabu hubaki. Arsène Wenger, aliyekuwa kocha wa Arsenal tangu mwaka 1996, aliondoka mwaka 2018, na mashabiki wakabaki na Arsenal yao.

Mgawanyiko wa nafsi huonekana waziwazi zaidi katika kauli kama hii:

(4) Wametufunga tano, na hawa wetu wametuaibisha.

Katika kitenzi cha kwanza, wa- ni Bayern na -tu- ni timu pamoja na mashabiki wake. Katika kitenzi cha pili, wa- ni wachezaji wa Arsenal, na -tu- imepungua ikabaki kuwa mashabiki peke yao. Umbo halikubadilika, lakini ule "usisi" umesinyaa katikati ya sentensi moja.

Je, shabiki wa kweli hujitoa timu inaposhindwa? Daniel Wann na Nyla Branscombe, katika utafiti wao wa mwaka 1990, walionyesha kwamba wale waliojifunga kwa dhati na timu yao hawajitengi nayo kwa urahisi kama wale wanaoipenda kijuujuu. Kwa upande wa Kiswahili twaweza kuongeza jambo moja. Hata shabiki akijificha nyuma ya wa-, mpinzani wake hamruhusu. Asubuhi humwambia, "Mmefungwa tano!" Kiambishi hicho cha nafsi ya pili humrudisha kundini. Kwa hiyo uanachama wa shabiki hauamuliwi na yeye mwenyewe tu, bali pia na wale wanaomcheka.

3. Kufungwa na kushindwa

Vitenzi viwili hutumika zaidi, navyo havina maana moja. Kufungwa ni kauli ya kutendwa ya kitenzi kilicho na maana nyingi: kamba hufungwa, mlango hufungwa, na mhalifu hufungwa gerezani. Kutokana na maana hii ya mwisho hupatikana mzaha wa kumwuliza shabiki wa timu iliyofungwa tano atatoka mwaka gani. Mzaha huo hauwezi kufasiriwa katika lugha nyingine bila kupotea.

Kushindwa, kwa upande wake, kuna utata mkubwa zaidi. "Tumeshindwa na Bayern" ina maana kwamba aliyetushinda yupo na anatajwa. "Tumeshindwa kukaba" ina maana kwamba hatukuweza, na hapa hakuna wa kutajwa ila sisi wenyewe. Shabiki anayesema "tumeshindwa" bila kuongeza neno huacha maana zote mbili wazi: kwamba mwenzetu alikuwa na nguvu, na kwamba sisi tulikuwa dhaifu. Mabishano mengi ya baada ya mechi ni mabishano juu ya kijalizo cha kitenzi hiki. Wengine hukataa maana zote mbili wakamtafuta mtendaji mwingine: "Tulifungwa na refa."

Vyombo vya habari vina hazina yao: kuchapwa, kucharazwa, kutandikwa, kunyukwa, kugaragazwa. Vitatu vya kwanza vinakumbusha fimbo, na mpigwaji huonekana kama mtoto anayeadhibiwa. Cha mwisho chatoka katika mieleka. Inafaa kuangalia kwamba vitenzi hivi hupendwa na mtangazaji na mpinzani, lakini mwenye msiba huviepuka. Yeye hubaki na kufungwa na kushindwa, vitenzi ambavyo havimwonyeshi akiwa amelala chini.

4. Sarufi ya majuto na matumaini

Walimu wa Kiswahili wanajua ugumu wa kufundisha tofauti kati ya -ki-, -nge- na -ngali-. Baada ya mechi ya Munich viambishi hivi vilikuwa na kazi ya kweli.

(5) Koscielny asingaliumia, tusingalifungwa tano.
(6) Tungekuwa na walinzi imara, tungewahangaisha.
(7) Tukiwafunga nne bila jibu London, tutasonga mbele.

Sentensi (5) inahusu jambo lililokwisha pita na lisiloweza kubadilika. Wala si porojo tupu, kwani timu zilikuwa sare ya 1-1 nahodha alipotoka. Sentensi (6) inahusu upungufu uliopo sasa. Sentensi (7) ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Wakati huo kanuni ya bao la ugenini, iliyoanza kutumika katika mashindano ya Ulaya mwaka 1965 na kufutwa mwaka 2021, ilikuwa ingali na nguvu. Ushindi wa 4-0 katika mkondo wa pili ungaliufanya ujumla kuwa 5-5, na lile bao moja la Sánchez lingaliipa Arsenal nafasi. Bao lililoonekana kuwa la kufutia machozi lilikuwa ndilo linaloihalalisha -ki-.

Historia ilitoa hukumu mbili tofauti juu ya -ki- ya namna hii. Tarehe 7 Machi 2017 Arsenal ilifungwa tena 5-1, safari hii London, na ujumla ukawa 10-2. Ilikuwa mara ya saba mfululizo kwa klabu hiyo kutolewa katika awamu ya timu kumi na sita. Lakini tarehe 1 Mei 2019 Liverpool ilifungwa 3-0 mjini Barcelona, na siku sita baadaye ikashinda 4-0 nyumbani na kusonga mbele. Shabiki anayeshikilia -ki- usiku wa kushindwa hasemi upuuzi. Anadai kwamba jambo lingali wazi, na mara nyingine huwa wazi kweli.

5. Ugenini ni wapi?

Neno ugenini limejengwa kwa u-, -geni na -ni ya mahali. Kwa hiyo halitaji safari wala umbali, bali hali ya kuwa mgeni. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Asiyecheza kwao hana wa kumtuza. Hapa pana fumbo. Shabiki wa Arsenal aliye Kisumu au Mombasa husema kwamba Munich "tulikuwa ugenini" na kwamba mkondo wa pili utachezwa "nyumbani". Nyumbani kwake ni London, mahali ambapo pengine hajapata kukanyaga.

Wako wanaomkemea kwa methali nyingine, kwamba mkataa kwao mtumwa. Wanasema ni utumwa wa mawazo kulilia klabu ya Waingereza ilhali viwanja vyetu vina nafasi tele. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini tukiipima kwa lugha tunaona kwamba nyumbani katika usemi wa mashabiki si mahali pa kuzaliwa. Ni upande wa msemaji katika ushindani. Kiambishi tu- kikishachaguliwa, nyumbani na ugenini hufuata.

Tulinganishe na tukio la tarehe 6 Novemba 2018, Gor Mahia ilipofungwa 4-0 na Everton katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Gor ilikuwa imepata nafasi hiyo kwa kuishinda Simba ya Tanzania 2-0 katika fainali iliyochezwa Nakuru mwezi Juni mwaka huo. Hapa tu-, ugenini na ramani vilipatana: Wakenya walikwenda ugeni kweli. Mechi hiyo haikuwa ya kuwania kombe la Ulaya, na kwa hiyo uchungu wake ulikuwa mwepesi. Kufika kwenyewe kulikuwa fahari. Yaani kushindwa kule kule Ulaya kwaweza kusimuliwa kama aibu au kama heshima, kwa kutegemea msemaji alitarajia nini alipokuwa akiondoka.

6. Matanga na utani

Jambo la mwisho ni kwamba mashabiki hukopa lugha ya msiba. Huzungumza juu ya kilio na matanga, na hupeana pole. Pole ya kweli hujibiwa "nimeshapoa", na jibu hilo hufunga mzunguko wa faraja. Pole ya mpinzani hutolewa kwa sauti ile ile lakini kwa nia ya kuchoma.

Tusiharakishe kuiita pole hiyo ukatili. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtani hufika matangani, huwatania wafiwa, na hapo hapo husaidia kazi za mazishi. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, alieleza kwamba utani hukaa palipo na mvutano na muungano kwa pamoja, kwa mfano baina ya watu waliooleana. Kandanda yetu yenyewe imelitambua jambo hili. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa ya Mashemeji.

Lakini utani una masharti yake. Mtani wa jadi hatanii tu; analazimika kuwapo na kusaidia. Mwezi Mei mwaka 2009, Arsenal iliposhindwa 3-1 na Manchester United katika nusu fainali iliyochezwa London, iliripotiwa kwamba shabiki kijana mmoja jijini Nairobi alijitoa uhai usiku ule. Hatuwezi kudai kwamba kandanda pekee ndiyo iliyokuwa sababu. Mambo ya namna hiyo hayana sababu moja. Hata hivyo tukio hilo linatuonya tusidhani kwamba istiari ya msiba hubaki istiari kwa kila mtu. Mzaha ukitolewa na mtu ambaye hatakuwapo kesho, au ukimwangukia mtu asiye na wa kumpa pole ya kweli, umepoteza ile nusu yake iliyoufanya kuwa utani.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usemi wa mashabiki baada ya kushindwa si fujo ya maneno. Viambishi vya nafsi hugawa lawama, kushindwa huacha wazi swali la nani alaumiwe, viambishi vya masharti hutenganisha majuto na matumaini, na ugenini huonyesha msemaji amejiweka wapi. Kwa mwalimu, hii ni mifano hai ya mada ambazo kwa kawaida hufundishwa kwa sentensi zisizo na mwenyewe. Kwa mtafiti, kazi inayobaki ni kuurekodi usemi huu katika vibanda vya kutazamia mpira, mjini na mashambani, na hasa kuchunguza ni nani hutoa pole baada ya mechi, kwa maneno gani, na ni nani huipokea kwa kusema kwamba ameshapoa.