Tarehe ya 1885 na Mifupa ya Ulaya

Huku Bukavu, mashariki ya Kongo, hasa mitaa kama Nyalukemba ambako ukivuka mto Ruzizi umefika Rwanda, swali la nani mwenyeji na nani wa kuja limeua watu. Sheria ya uraia ya 1981, nchi ikiitwa Zaire, ililiwekea tarehe: ili uwe Mzaire wa asili, wahenga wako walitakiwa wawe wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya 2004 ikashika kipimo kingine, makabila yaliyokuwepo nchi ilipopata uhuru. Sasa wako wanaotumaini vinasaba vitamaliza ubishi. Haviwezi, na ushahidi wa wazi kabisa unatoka Ulaya, bara ambalo mifupa yake ya kale imechunguzwa sana.

Wataalamu hutoboa mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, kwa kuwa humo vinasaba hudumu maelfu ya miaka. Unga kidogo tu unatosha kusoma ukoo wa marehemu. Wamekuta kwamba Wazungu wengi wa leo wametokana na makundi makubwa matatu: wawindaji wa kale, wakulima waliotoka Anatolia, Uturuki ya leo, wakaanza kuingia miaka 8,500 hivi iliyopita, na wafugaji wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, waliofika miaka kama 5,000 iliyopita. Nchini Uingereza, karne chache tu baada ya mawe makubwa ya Stonehenge kusimamishwa, takriban asilimia 90 ya vinasaba vya wakazi ilikuwa ya wageni. Na mwindaji ambaye mifupa yake ilipatikana Cheddar, Uingereza, aliyeishi huko miaka 10,000 hivi iliyopita, yaelekea ngozi yake ilikuwa nyeusi. Basi mwenyeji halisi wa Uingereza ni yupi kati ya hao? Jibu linategemea tarehe unayoanzia kuhesabu, na hakuna maabara inayoweza kuichagua tarehe hiyo.

Mtu atasema Ulaya ni Ulaya, sisi makabila yetu tunayajua. Lakini utafiti uliotolewa 2024, uliopima Waafrika zaidi ya 1,700 wa nchi 14, Kongo ikiwemo, unaonyesha wasemaji wa lugha za Kibantu walitoka Afrika Magharibi na kuchanganyika na waliowakuta njiani, wakiwemo wawindaji wa misituni. Ni kweli, vipimo vinaonyesha pia tofauti kati ya jamii na jamii, na sioni sababu ya kuzificha. Ila ni tofauti za kiasi: asili zile zile, huku nyingi, kule chache. Hatari ni kuzigeuza kuwa daraja za watu: mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alidai kwamba watawala wafugaji wa Maziwa Makuu walitoka Ethiopia. Wabelgiji, walipoitawala Rwanda, wakajenga utawala wao juu ya dhana hiyo, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu kwenye vitambulisho. Matokeo yake tuliyaona katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, na wakimbizi walijaa Bukavu hii hii. Uraia wa jirani ni jambo la sheria. Kama sheria ya 2004 ina kasoro, ipelekwe bungeni Kinshasa ijadiliwe kwa hoja za haki, bila kumdai mtu yeyote mate yake ili yapimwe vinasaba.