Usipime Bobini Ikiwa Baridi

Gari iliyokataa kuwaka kabisa hainisumbui. Inayonisumbua ni ile inayozima kati ya Mavivi na Mbau, shofere anafungua boneti, anapiga simu mbili tatu, anarudi kwenye usukani, na inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Akifika gereji kwangu ananiambia, "Fundi, nimebadilisha pompu ya esansi, nimebadilisha filtri, pesa imeisha." Mimi namjibu, "Papa, tuiache ife kwanza."

Hapa kwetu mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 4, kuzimikiwa njiani si jambo la kucheka. Kuelekea Oicha na Eringeti watu wameshambuliwa barabarani kwa miaka mingi. Hakuna abiria anayetaka kukaa porini jioni akingoja motere ipoe.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni bobini. Nisieleweke vibaya: Fuso zinazobeba mbao na kakao zinakunywa mazutu, hazina bobini. Nazungumzia gari za esansi, hasa Corolla na Carina za miaka ya 1990. Hata pikipiki zetu za teksi zinayo, ndogo tu.

Bobini, ambayo ng'ambo ya mpaka wa Kasindi wanaiita koili, ina nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye chuma. Mmoja mnene, wa mizunguko mia kadhaa. Mwingine mwembamba kama unywele, wa mizunguko maelfu. Volti 12 za batri zinaingia kwenye ule mnene. Zikikatwa ghafla, mwembamba unatoa volti 20,000 au zaidi, na cheche inaruka kwenye buji. Nyaya hizo zimepakwa vanishi, na vanishi ikizeeka inapasuka. Ikiwa baridi, huoni kitu. Joto likipanda shaba inatanuka, umeme unakata njia kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, cheche inafifia au inapotea. Ndiyo maana gari inaweza kutoka Butembo, zaidi ya mita 1,700 juu, asubuhi yenye ukungu, ikashuka bila kikohozi, kisha ikafia mbele ya Beni jua likiwa kichwani.

Ukiipima baridi kwa multimeta, bobini ya Corolla ya aina hiyo husoma omu 1 hadi 2 upande mnene, na omu 9,000 hadi 15,000 hivi upande mwembamba. Tatizo ni kwamba hata iliyo mgonjwa inaweza kusoma hivyohivyo.

Kwa hiyo natumia balbu ndogo ya volti 12. Mguu mmoja naufunga kwenye waya wa chanya wa bobini, mwingine kwenye bodi ya gari, balbu naileta mbele ya shofere, na tunaenda barabarani. Motere ikifa huku balbu inawaka, umeme unafika: mshukiwa ni bobini, au moduli inayoikatia umeme. Zikizima pamoja, bobini haina kosa. Tafuta kwenye fyuzi, kwenye soketi iliyolegea, au kwenye kontakti, hasa kwa wale wanaoning'iniza hapo funguo za nyumba nzima.

Kabla bobini haijapoa naweka buji ya akiba kwenye waya wake, chuma chake kikigusa motere, na mwenzangu anapiga starta. Cheche ya bluu inayolia ni nzima. Ya manjano, nyembamba, ni ya kutiliwa shaka. Esansi isiwe karibu. Na hii tabia ya kuchomoa waya wa buji motere ikinguruma ili "kusikiliza" inaniudhi: umeme usiopata pa kurukia unatoboa bobini kutoka ndani, au unamrusha fundi.

Buji zilizoliwa nazo ni wauaji. Pengo likipanuka, bobini inalazimika kutoa volti nyingi zaidi kila cheche. Ukifunga bobini mpya ukaziacha, jiandae kununua nyingine.

Butembo vipuri ni vingi, vipya na vilivyotumika. Nikichagua bobini iliyotumika, naomba kuilaza juu ya motere yenye joto mpaka isishikike, ndipo napima. Omu zikipanda kidogo ni kawaida. Zikianguka, au multimeta isisome chochote, namrudishia. Muuzaji akikataa niipashe moto, naenda duka la pili.