Kulinda Faili za Excel (2): Nywila Haizuii Kufuta

Wiki iliyopita tuliishia kwenye nywila. Leo nianze na jambo linalowaponza wengi: nywila ya kufunga laha si sawa na nywila ya kufungulia faili.

Ukifunga laha ili watu wasibadilishe hesabu zako, hujaficha kitu. Faili ya xlsx, muundo uliokuja na Excel 2007, kwa ndani ni furushi la zip lenye faili ndogo ndogo za maandishi. Anayejua hulifungua furushi, akaondoa kipande kifupi kinachotaja ulinzi, akalifunga tena. Laha iko wazi, na nywila hakuulizwa. Kufuli hilo linafaa kumzuia mwenzako asiharibu fomula kwa bahati mbaya. Madeni ya wanachama wa SACCOS yanataka kinga nyingine.

Kinga hiyo ni nywila ya kufungulia, kwa kuwa husimba kila kilichomo kwa mbinu ya AES. Tahadhari na mafaili ya zamani ya xls: yaliyofungwa kwa Excel 97 hadi 2003, kwa mpangilio wa kawaida, yana ufunguo wa biti 40 tu, na kompyuta za leo huuvunja. Yahifadhi upya kwa xlsx, kisha uyawekee nywila. Iandike mahali salama. Ukiisahau, hata Microsoft hawawezi kukurudishia.

Sasa kufuta. Faili iliyosimbwa vizuri kuliko zote hufutika papo hapo, maana anayefuta hana haja ya kuifungua. Ruhusa ya kufuta hutolewa na Windows, si Excel: nenda kwenye sifa za folda, sehemu ya usalama, uone nani ana haki gani. Wengi inawatosha haki ya kusoma. Haya yote ni bure iwapo ofisi nzima inatumia akaunti moja, kosa ninalolikuta mara kwa mara na linalonisikitisha. Na flashi zenye muundo wa FAT32 au exFAT hazina ruhusa hizo kabisa.

Hata hivyo yupo ambaye lazima aandike kwenye faili. Excel inapohifadhi huunda faili ya muda, ikafuta ile ya awali, ikaipa mpya jina lake. Kwa hiyo anayeruhusiwa kuhifadhi huruhusiwa pia kufuta, na kwa huyo hakuna kufuli litakalokusaidia ila nakala ya akiba iliyo mbali na mkono wake. Tutaanzia hapo wiki ijayo.