MSHONO WA TUMBO NA JEMBE

"Usifanye kazi nzito." Hayo ndiyo maneno anayopewa mama siku ya kutoka hospitali baada ya kupasuliwa ili mtoto atolewe. Naye huitikia kwa adabu, akafunga kanga zake, akarudi kwao.

Lakini kazi nzito ni ipi? Kwa mwanamke wa vilima vya Kasulu au wa Kibondo, ambaye tangu utotoni ameteka maji bondeni na kuyapandisha kichwani, ndoo ya maji si kazi nzito. Ni kazi ya asubuhi kabla kazi hazijaanza. Mzigo wa kuni si kazi nzito. Kupalilia maharage si kazi nzito hata kidogo, maana huifanya huku akizungumza na wenziwe. Mwulize katika wiki ya tatu kama ametii amri ya daktari, atakujibu bila uongo wowote kwamba ametii: hajafanya kazi nzito, ila ameteka maji tu na kulima kidogo. Sisi twaona kosa si lake. Amri isiyokuwa na kipimo haiwezi kushikwa, hata na mtu mwenye nia njema kabisa.

Wala jambo hili si dogo katika mkoa wetu. Madaktari wasaidizi, ambao mafunzo yao yalianza nchini mwaka 1963, ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa wazazi katika hospitali za wilaya zilizo mbali na miji mikubwa. Kati ya mwaka 1984 na 1991 Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake walichukua hatua 22 katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, na vifo vya wazazi pale vikashuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Tangu mwaka 2006 tena, kwa mpango wa Serikali uliosaidiwa na fedha za Bloomberg Philanthropies, vituo vya afya katika mikoa ya Kigoma, Morogoro na Pwani vilianza kujengewa vyumba vya upasuaji, ili mama asisafirishwe mwendo mrefu huku mtoto amekwama. Kwa hiyo wako wanawake wengi leo katika nyanda hizi walio hai, pamoja na watoto wao, kwa sababu ya kisu. Twafurahi na twashukuru. Lakini kazi ya kisu huishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kazi inayobaki ni ya mwili wenyewe, nayo huwa rahisi au ngumu kwa kadiri ya mambo yanayotendeka nyumbani.

Yafaa kila mtu afahamu jinsi ukuta wa tumbo unavyopona. Ngozi hufunga upesi, kwa kawaida katika siku 7 hadi 10, na hapo nyuzi huondolewa, mama akajitazama, akajiona mzima. Ngozi humdanganya. Chini yake uko utando mgumu ulioshika tumbo zima kama turubai lililofungwa juu ya mzigo, na utando huo ndio unaochelewa. Katika wiki ya tatu jeraha la mwili huwa na nguvu ya kama sehemu moja tu kati ya tano ya ile iliyokuwapo kabla ya kukatwa. Katika wiki ya sita kama nusu. Na hata baada ya miezi mitatu haizidi sana asilimia 80, wala haitarudi kamwe kuwa ile ya kwanza. Sasa mtu ainamapo na kunyanyua ndoo iliyojaa, au ashushapo jembe katika ardhi ngumu, tumbo husukumwa kutoka ndani kwa nguvu nyingi. Utando usiokomaa huachia kidogo kidogo. Baada ya miezi, pengine baada ya mwaka, uvimbe hutokea kwenye kovu kila akohoapo. Hiyo ndiyo ngiri ya kovu, na dawa yake ni kupasuliwa mara ya pili.

Watu waliolifikiri sana jambo hili la kurudisha mwili katika nguvu baada ya kupasuliwa tumbo ni madaktari wanaowahudumia wenye unene uliopita kiasi. Msomaji asicheke. Ugonjwa huo uko nchini kwetu pia. Hospitali ya Mloganzila, iliyo chini ya Muhimbili, ilianza mwaka 2022 kuwawekea watu puto tumboni ili wale kidogo, na katika upasuaji wenyewe wa kupunguza unene mara nyingi huondolewa robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo huambiwa afanye mazoezi, maana bila mazoezi mwili hupoteza nyama pamoja na mafuta. Lakini hakimbilii kwenye jumba la mazoezi akanyanyue vyuma. Hutembea siku ile ile au kesho yake. Huongeza mwendo wiki kwa wiki. Na kwa muda wa wiki nne hadi sita hukatazwa kunyanyua kitu kizito, naye huandikiwa hata hesabu ya kilo. Na kumbuka kwamba mtu huyo, siku hizi, hupasuliwa kwa matundu machache madogo. Mama yetu wa Kibondo hukatwa jeraha refu kama shubiri moja ya mkono. Ikiwa yule wa mjini, aliyekatwa kidogo, anapewa wiki sita na kipimo cha kilo, kwa nini huyu aliyekatwa sana apewe maneno matatu tu?

Basi na tuyaandike hapa yale ambayo yangefaa kuandikwa katika kadi yake.

Kwanza, kulala sana si kupumzika. Desturi ya kumweka mzazi ndani bila kusogea, ambayo iko katika makabila mengi, haimfai aliyepasuliwa. Damu ya mzazi huganda kwa urahisi. Ikiganda katika mshipa wa mguu yaweza kukatika na kwenda mapafuni, na kifo chake ni cha ghafula. Kwa hiyo, muuguzi akimruhusu, mama aamke ndani ya siku ile ya kwanza. Asijivute kwa tumbo: ageuke ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono. Akitaka kukohoa aikunje kanga na kuikandamiza juu ya jeraha. Avute pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho. Kisha atembee: kwanza hadi mlangoni, kesho kuzunguka nyumba, na katika wiki ya pili uani mara kadhaa kwa siku, dakika chache kila mara, mahali pa tambarare. Kilima kingoje. Kizunguzungu kikimpata aketi hapo hapo, maana amepoteza damu, na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa avimalize.

Pili, kwa wiki sita asinyanyue kitu kinachozidi uzito wa mtoto wake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto aliyezaliwa juzi ni kilo tatu au nne. Hesabu hii kila mtu aweza kuifanya bila mizani. Jembe, shoka, kinu na mchi, vyote vikae. Baada ya siku ya 42, iliyo siku ya kurudi kliniki, akionekana amepona aanze na dumu la lita tano, wiki nyingine aongeze kidogo, kisha palizi nyepesi kwa muda mfupi. Kuvunja ardhi ngumu, kubeba lita 20 kupanda mlima, na kutwanga kwa nguvu vingoje mwezi wa tatu umalizike. Maumivu yakija kwenye mshono ndiyo dalili ya kurudi nyuma hatua moja.

Liko zoezi moja dogo lisilotaka kifaa, nalo twalitaja bila haya kwa sababu faida yake ni kubwa. Mama akaze misuli ya chini kama mtu azuiaye mkojo, ahesabu hadi tano, alegeze. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, akiwa amelala au akinyonyesha. Misuli hiyo ndiyo inayobeba kizazi na kibofu, nayo imechoshwa na mimba hata kama mtoto hakupita njia ya kawaida. Wanawake wanaobeba mizigo kichwani miaka yote wana haja nayo kuliko wengine.

Juu ya mkaja tumeulizwa mara nyingi. Mkaja safi, usiobana mno, hauna ubaya, na wengine huona umewapunguzia maumivu. Ila muuguzi aulizwe kwanza, na jeraha lifunuliwe na kutazamwa kila siku. Mkaja haufupishi wiki sita hata kwa siku moja. Majivu, majani na unga wowote wa kienyeji visitiwe kamwe juu ya mshono.

Chakula nacho kina neno lake. Wagonjwa wale wa unene huambiwa wale walau gramu 60 za protini kila siku, kwa kuwa ndiyo inayojenga nyama na kufunga jeraha. Na mama anayenyonyesha hahitaji chini ya hiyo. Nasi tunaishi katika nchi ya maharage! Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 20 na zaidi, na magunia yake yanatoka Kasulu na Kibondo kila msimu kwenda kuwalisha watu wa mijini, huku nyumbani aliyepasuliwa akipewa ugali wa muhogo na mboga ya majani. Muhogo hushibisha, lakini protini yake ni kidogo mno. Gunia moja la maharage lisiuzwe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wakipatikana, waongezwe.

Sasa tuje kwenye jambo gumu, maana yote tuliyoyasema ni bure ikiwa hakuna mtu wa kuteka maji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi aliyezaa likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akizaa pacha, na humzuia kurudi kazini kabla ya wiki sita isipokuwa kwa cheti cha daktari. Angalieni jinsi hesabu ya sheria inavyokaribiana na hesabu ya utando wa tumbo: wiki sita, kisha wiki 12. Baba naye hupewa siku tatu, ambazo kwa maoni yetu ni chache mno. Lakini mkulima mwanamke hana mwajiri, na kibarua wa shamba la tumbaku mara nyingi hana mkataba. Mvua za Oktoba na Novemba zikianza hakuna wa kumpa ruhusa. Likizo yake yaweza kutoka kwa mume na majirani tu. Mwanamume aliye mzima kubeba dumu mbili kwa baiskeli hadi kisimani na kurudi si aibu. Na akicheka mwenziwe, na acheke. Wazee wetu walikuwa na ujima: jirani akiugua, watu walilima shamba lake kwa zamu. Wanachama kumi wa shina moja, wakitoa asubuhi moja moja, humaliza palizi ya shamba la mtu mmoja kabla hata hajaweza kuinama.

Dalili za hatari hazingoji zamu wala siku ya kliniki. Homa, usaha, mshono kuwa mwekundu na kuvimba au kufunguka, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana na pumzi kukatika: hapo mgonjwa apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, hata usiku. Na mimba nyingine isiharakishwe. Miaka miwili ipite kwanza, kwani kizazi nacho kina kovu, na uzazi utakaofuata sharti uwe hospitali.

Wanaume wasidhani tumewasahau. Wako wengi wanaopasuliwa ngiri, na wiki ya pili utamwona mtu barabarani anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi au gunia la lumbesa. Kwake pia sheria ni ile ile: kutembea mara moja, kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili, mizigo baada ya wiki sita. Kwa aliyeajiriwa iko likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miaka mitatu, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu. Aliye mkulima ana nafasi nyingine, ya kuchagua mwezi, jambo ambalo mama mwenye uchungu hawezi. Ngiri inayorudi ndani kwa urahisi, daktari akikubali, yaweza kupasuliwa mwanzoni mwa Juni baada ya mavuno, na miezi mitatu ikatimia Septemba kabla ya majembe kushikwa. Bali ile iliyokwama nje, ikawa ngumu yenye maumivu makali pamoja na kutapika, haijui Juni wala Novemba. Mwenye nayo apelekwe hospitali saa hiyo.