MWAKA WA IMBALU NA LIKIZO YA MFANYAKAZI



Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, ngoma hulia kwenye miteremko ya mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon. Ni mwaka wa imbalu, yaani tohara ya vijana. Wenzetu wengi walioko viwandani na mashambani, Uganda na Kenya, hutaka kwenda nyumbani. Na katika miezi hiyo hiyo sisi wa chama huletewa kesi za watu waliofutwa kazi kwa sababu waliondoka bila ruhusa. Mtu alisikia ngoma, akapanda gari usiku, akarudi baada ya wiki mbili akakuta jina lake limekatwa kitabuni.

Kesi za namna hii ni ngumu kuzitetea. Kwa hiyo leo tunataka kueleza jinsi mfanyakazi anavyoweza kwenda imbalu na kurudi kwenye kazi yake.

Imbalu ni nini

Tunaanza na hili kwa ajili ya wenzetu Wateso, Wajopadhola, Wasamia, Waluo na wengine, ambao huuliza kwa nini mtu mzima aache mashine kwa sababu ya tohara ya mtoto wa dada yake.

Wazee wa Bamasaaba husimulia kwamba desturi hii ilianza wakati babu yao alipotaka kumwoa Nabarwa, binti wa watu wa jirani ambao kwao mwanamume asiyetahiriwa hakuhesabiwa kuwa mwanamume. Mahali panapotajwa ni Mutoto, karibu na mji wa Mbale, na ndipo msimu hufunguliwa rasmi mwezi wa Agosti. Baada ya hapo kila upande una zamu yake, na zamu hizo huweza kuendelea mpaka Desemba. Upande wa Kenya, Wabukusu wa Bungoma hutahiri katika miaka hiyo hiyo, na kwao shughuli huwa hasa Agosti, watoto wakiwa wamefunga shule.

Kijana haendi kutahiriwa peke yake. Kwa siku nyingi huzunguka kwa jamaa akicheza na kengele na kuwaalika. Pombe ya wimbi hutengenezwa kwa siku kadhaa. Ng'ombe hutafutwa. Kwa Wabukusu, kijana huenda kwa mjomba wake, na mjomba humchinjia ng'ombe na kumvisha shingoni nyama ya kifua. Sasa mjomba huyo akiwa kwenye zamu ya usiku kiwandani, nani atafanya kazi yake? Pengo lake litaonekana na ukoo mzima, na litakumbukwa miaka mingi. Hiyo ndiyo sababu mtu huchagua kupoteza kazi kuliko kukosa siku hiyo. Chama kinasema hakuna haja ya kupoteza chochote kati ya hivyo viwili.

Sheria inasema nini

Kwanza tufahamu kwamba imbalu haimo katika orodha ya sikukuu za taifa, kama zilivyo Krismasi, Idi, Mei Mosi, au tarehe 3 Juni ambayo Uganda huwakumbuka Mashahidi. Mwajiri halazimiki kufunga mashine kwa ajili yake. Njia yako ni likizo ya mwaka yenye malipo.

Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye mshahara kamili kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo. Kwa mwaka ni siku 21. Wakati wa kuichukua hupangwa kwa mapatano ya pande zote mbili. Tena sheria hiyo inasema kwamba makubaliano yoyote ya kuiacha likizo hiyo, hata kwa kulipwa fedha, ni bure. Kwa hiyo ndugu, anayekuambia uuze likizo yako anakuuzia hasara.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili baada ya kila miezi 12 ya kazi. Lakini sheria hiyo hiyo inataja kutokuwapo kazini bila ruhusa kuwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu. Ni lazima usikilizwe kwanza, lakini utajitetea kwa neno gani ikiwa hukuomba?

Na ndugu zetu vibarua wasijione wako nje. Kanuni za Uganda za mwaka 2011 ziliweka kwamba mtu asiajiriwe kama kibarua zaidi ya miezi 4, na baada ya hapo apewe mkataba wa maandishi. Kibarua aliyepita muda huo akanyamaza, anapoteza pamoja na likizo yake.

Haki hii haikushuka kutoka mbinguni. Ufaransa, wafanyakazi waligoma na kukaa ndani ya viwanda mwaka 1936 ndipo wakapata wiki 2 za likizo yenye malipo kwa sheria. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilikubali siku 6 za kazi kwa mwaka, na mwaka 1970 likapandisha kufikia wiki 3. Watu walipigania siku hizi. Tusizitupe kwa kukosa kuandika barua.

Jinsi ya kufanya

1. Imbalu haimshtukizi mtu. Mwaka wake unajulikana miaka miwili mbele. Waulize wazee mapema zamu ya upande wenu, ndipo uombe.

2. Omba kwa maandishi, miezi mitatu au minne kabla. Weka nakala yenye saini ya aliyeipokea. Ahadi ya nyapara kwa mdomo husahaulika siku ya kesi.

3. Wote tukiomba Desemba, pamoja na wale wa Krismasi, mwajiri atakataa wengi. Wawakilishi wa chama wakae na watu wa kila idara wagawane miezi, kisha wapeleke orodha moja ofisini.

4. Ukikataliwa, usitoroke. Mwone mwakilishi wako siku hiyo hiyo.

Njiani

Anayevuka mpaka apite Busia, Malaba au Lwakhakha, mahali penye ofisi. Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya na Uganda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Njia za panya zinaonekana fupi, lakini ukikamatwa huko likizo itaisha ukiwa mikononi mwa askari, na mwajiri hatahesabu siku hizo kuwa za imbalu.

Nauli hupanda watu wanapokuwa wengi. Weka kando nauli ya kurudi kabla hujanunua kitu cha kwanza, na mpe mkeo au mumeo aishike. Ng'ombe wa mjomba ni heshima, lakini ukimnunua kwa mkopo wa riba utamlipa mpaka imbalu nyingine.

Neno la mwisho ni kwa ninyi msio na imbalu. Mwenzako akienda, shika zamu yake bila kunung'unika. Naye atashika yako siku ya Idi, siku ya Krismasi, na siku utakapokuwa na matanga. Mwajiri akiona tunapeana nafasi kwa utaratibu, hana sababu ya kumkatalia hata mmoja wetu.

Umoja ni nguvu.