Gita Lililonyamaza Miaka Arubaini

Siri ya mtungi, walisema wahenga wetu, aijuaye ni kata. Nami nimekuwa kata ya mtungi mmoja kwa muda wa miaka arubaini, na leo nataka kuumimina mbele yako, msomaji, maji yake na vumbi lake. Mtungi wenyewe ni gita la umeme la kaka yangu.

Kaka alilinunua mwaka 1979 kwa baharia mmoja aliyeshuka Kilindini na haja ya pesa. Ni gita la Kijapani la miaka ya sitini, na kichwani lina jina Teisco lililofutika nusu. Kampuni hiyo ilianzishwa Tokyo mwaka 1946, ikaja kununuliwa na Kawai mwaka 1967. Magita yake yaliuzwa kwa bei nafuu katika nchi nyingi, na ndiyo sababu lilipatikana la mtu kama kaka yangu, aliyekuwa kibarua. Mombasa ya siku hizo ilikuwa imekwisha kulizoea gita. Fundi Konde, mtoto wa pwani yetu hii aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, alikuwa amekwisha kuliimbisha kwa Kiswahili hadi akajulikana mbali. Na katika taarabu ya arusi, Maulidi Juma na Musical Party yake walilichanganya gita na kinanda cha umeme na ngoma zetu. Kaka hakufika huko. Yeye alipiga katika kikundi kidogo cha mtaani, na akiitwa arusini alikuwa akenda kwa miguu, gita limefungwa ndani ya shuka ya mama.

Mimi nilikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na mitatu, na mwaka 1985 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Nilikuwa chuoni, nimekwisha kuhitimu Kurani mara ya kwanza, na kichwa changu kilikuwa moto. Darsani tulikuwa tumesoma habari ya ala za muziki na yale waliyoyasema wanaozikataza. Maalim wangu, Mungu amrehemu, hakuniamuru lolote. Alisoma, akafasiri, akafunga kitabu. Aliyetoka pale na hukumu mkononi ni mimi. Alasiri ya siku ya arusi moja, kaka akiwa amelala, nilitwaa kile kisu changu cha kuchongea kalamu za mwanzi, nikafungua kwa ncha yake kibati kidogo kilicho ubavuni mwa gita, nikaukata waya mmoja. Kisha nikakirudisha kibati mahali pake, nikaenda kusali.

Usiku ule gita halikulia. Watu walicheka, bibi mmoja akatupa neno la kejeli, na mkubwa wa kikundi akamwambia kaka ashuke jukwaani. Alirudi nyumbani usiku, akalitia gita chini ya kitanda, asilishike tena. Alipoulizwa na watu kwa nini ameacha, alijibu kwa maneno yale yale miaka nenda miaka rudi: "Mola amelinyamazisha, nami nimeifahamu ishara." Nami nilikuwa nikiyasikia maneno hayo, nikitazama chini.

Mwaka 2025, baada ya Idi ya kufungua, kaka aliniita kwake Kibokoni. Sasa ni mtu wa miaka sitini na minane, magoti hayamsaidii, na mjukuu wake mmoja amekuwa akimsumbua amfundishe kupiga. Akalivuta gita kutoka chini ya kitanda kwa mkwaju wake. "Wewe una mkono wa mambo haya ya redio," akaniambia. "Nenda nalo ulitazame." Nililichukua kama mtu aliyekabidhiwa jeneza.

Hebu sasa nikueleze nilivyolishughulikia, kwani huenda na wewe una gita la namna hiyo kwenu, na si lazima limfikie fundi wa mbali.

Kwanza fahamu jinsi linavyolia. Gita la umeme halina tumbo la kuvumisha sauti kama udi. Chini ya nyuzi zake mna kitu wanamuziki wakiitacho pikapu, na si ile ya kubebea mbata. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, kiasi cha milimita 0.06, mizunguko elfu tano, sita, hata minane. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, huzaliwa umeme mdogo ndani ya ule waya, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831. Umeme huo hupita katika vifundo vya kuongezea na kupunguzia sauti, ukatoka kwa tundu la jeki, ukaenda kwenye amplifaya kukuzwa. Gita la kwanza la namna hii kuuzwa madukani lilitoka Los Angeles mwaka 1932, kazi ya George Beauchamp na Adolph Rickenbacker.

Basi nililegeza nyuzi zote kidogo kidogo, nikazitoa. Zilikuwa zimeoza kwa kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Nikapiga vumbi kwa brashi kavu ya rangi, na skrubu zilizogoma nikazipaka mafuta ya taa kwa pamba, nikangoja hadi kesho yake. Mwenye haraka na skrubu kongwe huivunja kichwa.

Kisha nikazipima pikapu kwa mita ya umeme. Pikapu iliyo hai huonyesha, kwa kawaida, kati ya omu elfu nne na elfu tisa. Ikiwa mita haionyeshi kitu, waya umekatika ndani, na hiyo ni kazi ya kuzungusha upya. Zangu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa hai. Moja ilisoma elfu tano na mia sita, ya pili ikakaribiana nayo. Nilifurahi, na papo hapo nikaona haya. Miaka arubaini gita lilikuwa zima. Lilichokosa ni inchi moja ya waya.

Nikakifungua kile kibati cha ubavuni. Waya ulikuwako, umekatwa sawasawa, ncha zake mbili zinatazamana. Unyevu haukati hivyo, wala panya.

Kulehemu si kugumu, lakini kuna adabu yake. Usiyeyushe risasi juu ya pasi ya kulehemu kisha ukaipaka kama siagi. Pasha moto pale panapoungwa, ndipo uiguse risasi hapo, nayo itakimbia yenyewe ikijaza nafasi. Ikipoa iking'ara, imeshika. Ikiwa na rangi ya jivu na vidonge, rudia. Tumia risasi yenye sandarusi ndani yake, si asidi ya mafundi wa mabati, maana asidi hula waya. Nikaunga waya mpya, na nikahakikisha kwamba ule waya wa ardhi uendao chini ya daraja la nyuzi umeshika, kwani usiposhika gita litanguruma kama nyuki hata ukizishika nyuzi kwa mkono.

Vifundo vya sauti vilikuwa vikikwaruza. Nikavipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, nikavizungusha mara ishirini kwenda na kurudi. Amplifaya ya kaka ya zamani, ile ya valvu, sikuifungua. Naomba nawe usiifungue. Ndani yake mna umeme wa mamia ya volti, nao hukaa humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo mpe fundi anayeijua. Mimi niliazima nyengine ndogo kwa jirani.

Baada ya umeme, nikaja kwenye shingo. Shingoni mwa gita mna vijichuma vilivyolazwa kukatiza, wanamuziki huviita freti, na ndani ya mti mna ufito wa chuma unaozuia shingo isipinde kwa nguvu za nyuzi. Nilifunga nyuzi mpya nyembamba, nikazikaza, kisha nikabana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati, karibu na freti ya saba, panatakiwa nafasi ya kupita kadi nyembamba tu, kama robo milimita. Hapa pangepita sarafu. Nikaukaza ule ufito robo mzunguko, nikaliacha gita usiku kucha, asubuhi nikapima, nikaongeza kidogo tena. Mti una subira yake, na anayeulazimisha huupasua.

Freti nilizing'arisha kwa manyoya ya chuma ya kusugulia sufuria, kabla sijafunga zile nyuzi mpya. Lakini pikapu zifunike kwanza kwa karatasi na gundi, ama sumaku zitavuta ule unga wa chuma na hutautoa maisha. Kisha nikalishusha daraja hadi uzi mwembamba ukawa juu ya freti ya kumi na mbili kwa milimita moja na nusu, na ule mnene kwa milimita mbili. Ukishusha zaidi, nyuzi huchakacha. Ukipandisha zaidi, vidole vya mtoto vitalia kabla ya gita.

La mwisho ndilo tamu. Freti ya kumi na mbili imewekwa nusu ya urefu wa uzi, na nusu ya uzi hutoa sauti ile ile, lakini ya juu. Hili si jipya kwetu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alieleza kwa kirefu mambo ya nyuzi na migawanyo yake katika Kitab al-Musiqa al-Kabir. Basi gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubana, usikilize. Kisha ubane papo hapo, usikilize tena. Sauti hizo mbili lazima zilingane. Ile ya kubana ikiwa juu zaidi, uzi ni mfupi, rudisha kikalio chake nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Nilifanya hivyo kwa nyuzi zote sita, na alasiri nzima ikaisha.

Nilipochomeka waya na kugusa uzi wa tano, ule wa mitikisiko 110 kwa nukta, sauti ilijaa chumbani. Mke wangu alikuja mlangoni, akasimama. Sikupiga tena. Nilikaa nikifikiri juu ya lile neno "ishara".

Kwani hapa ndipo palipokuwa na uzito, msomaji. Kulitengeneza gita kulinichukua siku sita. Lakini nikimrudishia kaka likiwa zima na nikanyamaza, nitakuwa nimeziba kosa kwa risasi. Na nikimwambia, nitamvunjia jambo alilolijengea maisha yake: kwamba Mola ndiye aliyesema naye usiku ule, kumbe ni kijana mwenye kisu. Juu ya ala za muziki wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani, nami si mufti, wala siandiki haya kumfutia mtu fatwa yake. Lakini kumharibia ndugu kitu chake kwa siri, akaaibika mbele za watu, kisha nikanyamaza, hilo sikuhitaji mufti anieleze.

Nikaenda Kibokoni baada ya Isha. Nikamwekea gita magotini, na kabla hajaligusa nikasema, "Kaka, waya ule niliukata mimi."

Alizungusha kifundo kimoja, akakirudisha. "Najua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri.

"Nililifungua wiki ile ile. Nikaona umekatwa kwa kisu. Na nyumba ile mwenye kisu kikali namna ile alikuwa mmoja, wa kuchongea kalamu."

"Na mbona ukawaambia watu ni ishara?"

"Ningewaambia nini? Kwamba ndugu yangu ndiye aliyenifanyia haya? Ungeishi vipi mtaani?" Akanyamaza kidogo. "Mwezi wa pili yake nilipata kazi ya kudumu bandarini, na mtoto akaja. Pengine ningeacha tu. Lakini wewe nilikuwa nakungoja useme. Nikasema atasema akioa. Ukaoa. Nikasema atasema mama akifa. Mama akafa."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi kwa maneno mafupi, maana marefu yalinishinda. Akasema, "Nimekusamehe zamani. Lakini samahani usiyoombwa ni nzito kuibeba." Kisha akamwita mjukuu wake, akamketisha mbele yake, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole cha kwanza. Vidole vya kaka vimekakamaa, na wimbo alioujaribu ulikatika mara tatu. Hakuna aliyecheka.

Njiani nikirudi, ubeti ulinijia wenyewe, nao ndio huu:

Siku nalipoingia, na kisu bila shahidi,
Waya nikautilia, makali kwa makusudi,
Miaka ikatimia, arubaini idadi,
Leo nimejilipia, deni kabla ya lahadi.

Ikiwa na wewe, msomaji, una waya ulioukata kwa ndugu yako, usingoje miaka arubaini. Huenda anajua, na yungali akingoja.